Mbio za Motokaa za Kawaida na Ukaguzi wa Mshindi

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za mbio za motokaa. Hatutasema juu ya zile zilizoundwa makusudi kwa mashindano, ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzinunua wala hana kazi nazo. Twasema juu ya motokaa za kawaida, kama zinavyotoka dukani, zilizoshindanishwa mbele ya watu katika siku za mwanzo za michezo hiyo.

Huenda baadhi ya wasikilizaji wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu wakauliza, Mbio hizi zatuhusu nini sisi wakulima wa pamba? Twajibu kwamba zatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kila mmoja wetu hupanda gari, au pamba yake huchukuliwa kwa lori, naye ataka kujua gari lipi ni imara. Pili, kiini cha habari hii ni kipimo cha haki, na hapana mkulima wa Simiyu asiyejua maana ya kipimo.

Uwanja ulivyo

Chora yai mchangani kwa kidole. Hivyo ndivyo ulivyo uwanja wa mbio hizi: pande mbili ndefu zilizonyoka, na kona mbili za kuviringana. Uwanja mfupi wa namna hiyo waweza kuwa na mzunguko wa kilomita 1 na kitu. Ule tutakaousimulia leo, uliokuwa Charlotte, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, ulikuwa na mzunguko wa kilomita 1.2. Mwanafunzi aliyekimbia katika uwanja wa mita 400 na akadirie mizunguko mitatu ya uwanja wake. Ardhi yake ilikuwa udongo mtupu, bila lami; baada ya mizunguko michache vumbi lilifunika kila kitu, na mashimo yakaanza kufumuka katika kona.

Madereva huenda daima wakikata kushoto. Sasa fikirini mtu aliyesimama juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe wakigeuka ghafula kwenda kushoto, mtu yule hutupwa kulia. Motokaa nayo ni vivyo hivyo: katika kila kona uzito wake hulalia magurudumu ya kulia, nayo ndiyo huchakaa kwanza. Chuma kinachozuia gari lisilale mno ni springi zake. Springi zikiwa laini, gari huyumba, na dereva hana budi kupunguza mwendo. Zikiwa ngumu, gari hushika ardhi, na dereva hupita kona kwa kasi zaidi.

Faida hiyo katika kona moja ni ndogo sana, wala mtazamaji haioni. Lakini mbio za mizunguko 200 zina kona 400. Mizani ikimwibia mkulima nusu kilo katika mzigo mmoja, labda hatajua. Ikimwibia katika mizigo 400, amepoteza kilo 200. Mwizi wa kidogo kidogo huvuna kingi mwishoni.

Mashindano ya Charlotte

Kabla ya mwaka 1948 mbio hizi nchini Marekani hazikuwa na utaratibu mmoja. Kila uwanja ulikuwa na sheria zake, na baadhi ya waandalizi walikuwa wakitoroka na fedha za viingilio kabla ya kulipa zawadi. Mwezi Desemba 1947 mtu mmoja jina lake Bill France aliwakusanya wenzake katika mji wa Daytona Beach ili waunde chama chenye sheria moja. Chama hicho, kiitwacho NASCAR, kilianzishwa Februari 1948. Walitaka kushindanisha motokaa mpya za kawaida, lakini baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 motokaa mpya zilikuwa adimu. Kwa hiyo wakangoja hata mwaka 1949.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 19 Juni 1949. Motokaa 33 ziliingia uwanjani, na maelfu ya watu wakaja kutazama. Miongoni mwa walioshindana alikuwamo mwanamke, Sara Christian. Mizunguko ilikuwa 200, jumla yake kilomita 240 hivi. Umbali huo wapita ule wa kutoka Bariadi mpaka Mwanza kwa njia ya Lamadi, walakini madereva wale walimaliza safari yao palepale walipoianza.

Sheria ilikuwa nyepesi kuielewa: gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Watu walipenda sheria hiyo kwa sababu waliziona motokaa zilezile walizokuwa nazo nyumbani, Ford, Buick, Lincoln na Hudson, nao wakaweza kusema, Hii ni kama yangu, hebu tuone itafika wapi. Na motokaa hizo zilipata taabu kweli, kwani hazikuundwa kuvumilia mwendo wa namna ile; baadhi zilichemsha maji hata zikashindwa kuendelea.

Aliyetangulia mwishoni alikuwa Glenn Dunaway, akiendesha Ford ya mwaka 1947. Alimpita wa pili kwa mizunguko mitatu. Watu wakashangilia, nao wengi wakaenda zao wakijua kwamba mshindi ni yeye.

Ukaguzi

Mbio zilipokwisha, wakaguzi walilitazama gari la Dunaway. Wakaona springi za nyuma zimetengenezwa upya ili gari lisilale katika kona. Ufundi huo ulikuwa na asili yake. Katika sehemu zile za Marekani watu walikuwa wakipika pombe kali kwa siri, kama wapikavyo gongo huku kwetu, na kuisafirisha usiku. Gari lililojaa pombe hudidimia nyuma, na polisi hulitambua mara moja. Tena haliwezi kukimbia katika njia za milimani zenye kona nyingi. Kwa hiyo wasafirishaji walizikaza springi za nyuma. Ford ile ilikuwa imefanya kazi hiyo kabla ya kuletwa mashindanoni.

Wakaguzi wakaamua kwamba si gari la kawaida. Dunaway akanyang'anywa ushindi, na zawadi ya dola 2,000 akapewa Jim Roper, mtu wa Kansas, aliyeendesha Lincoln na kufika wa pili.

Hapo ndipo penye swali zito. Gari halikuwa mali ya Dunaway; mwenye gari alikuwa Hubert Westmoreland. Dunaway alikaa penye usukani, akala vumbi mizunguko 200, akawashinda wote, kisha akarudi bila ushindi. Je, alionewa? Wapo waliosema ndiyo. Westmoreland mwenyewe alipeleka shauri mahakamani, lakini mahakama ilikubali kwamba wenye mashindano walikuwa na haki ya kutunga sheria zao na kuzishika.

Sisi twaona kwamba jibu hupatikana tukiwakumbuka wale waliokuwa nje ya uzio. Mtu aliyeona Ford ikishinda angeweza kwenda dukani kesho yake akanunua Ford, akiamini kwamba ndiyo ileile. Isingekuwa ileile. Vilevile mkulima anyunyiziaye pamba yake maji au kuitia mchanga ili mzigo uwe mzito, hamdanganyi karani wa kituo peke yake. Huharibu jina la pamba ya kijiji kizima, na jirani yake aliyechambua vizuri hulipia kosa asilolifanya. Ukaguzi waweza kumwumiza mtu mmoja. Kukosekana kwake huwaumiza wengi wasiojulikana.

Mbio za Afrika ya Mashariki

Katika nchi zetu mambo yalichukua njia nyingine. Kenya ilikuwa na mbio za kuzunguka mahali pamoja huko Langalanga, katika Bonde la Ufa. Lakini yasimuliwa kwamba Neil Vincent, alipoalikwa na jamaa yake Eric Cecil kushindana katika mzunguko, alikataa. Alisema kuzunguka mahali palepale kwamchosha. Afadhali mbio za kuvuka nchi kwa nchi na kurudi. Katika mazungumzo ya namna hiyo ndipo yalipozaliwa mashindano yaliyokuja kuitwa Safari.

Safari ya kwanza ilifanywa tangu tarehe 27 Mei hata tarehe 1 Juni 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Hapa pia shabaha ilikuwa gari la kawaida la dukani. Motokaa ziligawanywa kwa bei, ya bei ndogo ishindane na ya bei ndogo, na ya bei kubwa na wenzake. Mwaka huo wa kwanza hakutangazwa mshindi mmoja juu ya wote. Dereva alipewa saa za kufika katika kila kituo, na kila dakika aliyochelewa alihesabiwa kosa.

Tazameni tofauti. Uwanja wa duara hulijaribu gari kwa kulirudisha katika kona ileile mara mia nne. Safari hulijaribu kwa kulipeleka mahali dereva asipopajua: mchanga, mawe, mito iliyofurika, na ule udongo mweusi wa mbuga, ambao kila mtu wa Simiyu aujua. Wakati wa kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama jiwe; mvua ikinyesha, hunata katika magurudumu hata yasizunguke. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 vilevile. Miaka yote miwili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404.

Kati ya miaka hiyo miwili walikuwapo washindi wengine wa kukumbukwa. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 na mwaka 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, nao pia waliendesha Peugeot 404. Haikuwa ajabu basi kwamba Peugeot zilipata sifa kubwa Afrika ya Mashariki na zikapendwa na wachukuzi wa abiria. Watu walikuwa wameona kwa macho yao gari la namna hiyo likitoka matopeni ilhali mengine yamebaki.

Lililobaki kwetu

Siku hizo zimepita. Katika miaka ya 1970 njia ya Safari ilibaki ndani ya Kenya, na motokaa za mashindano, huko Marekani na huku kwetu, zikazidi kutengenezwa kwa ufundi wa pekee hata zikabaki na jina na sura tu ya zile za dukani. Kwa hiyo mtu aonapo leo picha ya gari lililoshinda asidhani kwamba akinunua lenye jina hilo atapata nguvu hizo.

Fundisho la Charlotte, walakini, halijapita. Anayenunua gari, pikipiki au jembe la ng'ombe kwa sababu kimesifiwa, na aulize kwanza: Kilichosifiwa ndicho hiki ninachouziwa? Akitazame chini, si juu tu penye rangi, na kama hajui, amlete fundi amwaminiye kabla ya kutoa fedha. Na anayeuza naye akumbuke kwamba mshindi wa kweli ni yule asiyeogopa kukaguliwa baada ya shangwe kwisha.

Kwaherini.