Mchungwa Unaoangusha Maua

Mwenye bustani wa Moi's Bridge, mji ulioitwa zamani Hoey's Bridge, huenda akaamka asubuhi akakuta maua ya mchungwa wake yametapakaa chini. Wako watu ambao hapo hushika shoka, wakidhani mti ni tasa. Ngojeni kwanza.

Katika maua 100 ya mchungwa, aghalabu hayazidi 5 yatakayokuwa matunda ya kuchumwa. Mti hujipunguzia mzigo, wala hiyo si ila.

Ua la mchungwa au la mlimau lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Kwa hiyo mti mmoja peke yake waweza kuzaa. Chungwa liitwalo Washington Navel, lisilo na kokwa, hufanyika hata pasipo unga wa ua. Lakini mchenza wa namna ya Clementine haukubali unga wake wenyewe; mara nyingi huzaa zaidi ukiwa na mti wa namna nyingine jirani yake.

Mchukuzi wa unga huo ni nyuki. Basi, mti uwapo na maua, usinyunyize dawa ya wadudu, usije ukawaua watumishi wasiodai mshahara. Usipoona nyuki, twaa unyoya laini wa kuku, gusa chembe za manjano, kisha paka ile ncha inatayo katikati ya ua.

Matunda machanga yakianguka wakati wa kiangazi, mara nyingi ni kiu. Mwagilia maji, utandaze majani makavu yasiguse shina. Nalo shoka lirudishe ghalani.