Utulivu wa Akili kwa Chipukizi wa Mpira wa Magongo: Utangulizi

Huenda wewe ni kocha wa shule, mzazi anayeshangilia pembeni ya uwanja, au mgeni kabisa katika saikolojia ya michezo, yaani taaluma inayochunguza jinsi fikra na hisia zinavyoathiri uchezaji. Vyovyote iwavyo, shika jambo moja kwanza: utulivu ni ustadi. Hufundishwa na kufanyiwa mazoezi, na usipotumiwa hufifia, sawa na ustadi wa kutuliza mpira kwa gongo. Nalitanguliza hili kwa kuwa wengi huamini kwamba mtoto huzaliwa mtulivu au huzaliwa na papara, basi.

Tuanzie mwilini. Kabla ya mechi moyo hudunda, viganja hulowa jasho na pumzi huwa fupi. Huo ndio msisimko: hali ya utayari inayochochewa na homoni kama adrenalini. Si ugonjwa wala woga. Mwaka 1908 Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson walichapisha utafiti wao juu ya panya, na humo ikazaliwa kanuni tunayoitumia hadi leo. Msisimko ukipungua mno, mchezaji huzubaa. Ukizidi mno, hukosea. Kazi ikiwa ngumu zaidi, msisimko unaofaa huwa mdogo zaidi.

Utauliza, mtoto wa miaka kumi na mitatu ataupunguzaje? Kwa pumzi. Kuitoa polepole, kwa muda mrefu kuliko wa kuivuta, hushusha mapigo ya moyo. Mimi huanza na somo hili kabla ya lingine lolote.

Kisha njoo kwenye umakini. Mwanasaikolojia Robert Nideffer, katika kazi yake ya mwaka 1976, aliupima kwa vitu viwili: upana wake, na kama unaelekea nje au ndani ya nafsi. Chukua kona ya penalti. Golikipa na mabeki wanne wamesimama nyuma ya mstari wa goli. Beki anayetoka wa kwanza anahitaji umakini mwembamba wa nje, kwenye gongo la anayesukuma mpira. Akilikumbuka goli alilosababisha awali, umakini umeingia ndani, naye amechelewa.

Nidhamu hujengwa juu ya misingi hiyo, na hapa naomba tutulie kidogo. Katika mechi za kimataifa kadi ya kijani humtoa mchezaji nje kwa dakika 2, na ya njano kwa dakika 5 au zaidi. Timu hubaki pungufu. Mtazame chipukizi aliyepewa kijani: ametupa gongo, ametema kinga ya meno, bado anabishana na mwamuzi aliyeshaondoka. Ni rahisi kumwita mkorofi. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia pupa, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kumkaripia pale ni kumwongezea msisimko ambao tayari umemzidi. Mpe badala yake utaratibu aliokwisha kuuzoea: aketi, alaze gongo miguuni, atoe pumzi polepole, kisha ajiambie kazi moja atakayoifanya akirudi. Kujiambia huko huitwa mazungumzo ya nafsi, na maneno yake yawe machache: “Linda kushoto.”

Utulivu huo una thamani, kwa kuwa mechi kubwa huamuliwa kwa tofauti ndogo sana. Katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huu, Barcelona mwaka 1971, Kenya ilishika nafasi ya nne: ilifungwa 1–0 na Uhispania katika nusu fainali, kisha 2–1 na India baada ya muda wa nyongeza.

Kwa hiyo usilifanyie zoezi la utulivu darasani tu. Wachoshe vijana kwa mbio, kisha mmoja mmoja amkabili golikipa kuanzia mstari wa mita 23, akiwa na sekunde 8 za kufunga, kama sheria ya mikwaju ya kuamua mshindi inavyotaka. Wenzake wapige kelele. Kabla ya filimbi, mwache atoe pumzi moja ndefu. Akikosa, usimsahihishe mikono kwanza; muulize macho yake yalikuwa wapi.