Vidudu warukao jarubani wasimpeleke mkulima kwenye sumu

MKULIMA wa mpunga wa Mvumi, wilayani Kilosa, akiinama jarubani asubuhi maji yakiwa yametulia, anaweza kuona nukta ndogo zikirukaruka juu yake. Wazo la kwanza huwa ni bomba la sumu. Kabla ya kutoa fedha dukani, ni vyema amtazame kiumbe huyo kwa karibu, ikibidi kwa kioo cha kukuzia.

Kitaalamu kundi hilo huitwa kolembola, jina lililotolewa na Mwingereza John Lubbock katika karne ya 19. Wana miguu sita, na kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa wadudu. Siku hizi wataalamu wengi huwaweka kando: sehemu za mdomo zimejificha ndani ya kichwa, hawaoti mbawa katika umri wowote, na tumbo lina pingili sita tu.

Kinachowatambulisha zaidi ni uma. Uko chini ya tumbo, kwenye pingili ya nne, umekunjwa kuelekea mbele na kushikwa na kibanio kidogo cha pingili ya tatu. Kibanio kikiachia, uma hupiga chini na kumrusha mwenyewe hewani. Pingili ya kwanza ina mrija mfupi wa kunyonya maji. Wanaoishi chini kabisa udongoni wengi wamepoteza uma, hata macho, hivyo hawaonekani wakiruka.

Oda ni nne. Poduromofa ni wanene wenye miguu mifupi, Entomobriomofa ni wembamba, Simfipleona ni wa mviringo kama ushanga. Nelipleona nao ni wa mviringo, lakini hawafiki milimita moja.

Kwa mfuko wa mkulima, la muhimu ni chakula chao. Wengi hula ukungu na mabaki ya mimea. Hawadungi mashina ya mpunga. Waharibifu wapo, kama yule anayeshambulia malisho ya lusina Australia, ila ni wachache. Tena buibui wa majarubani huwala. Utafiti wa Java, Indonesia, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kuwa viumbe walao mabaki ndio huwashibisha maadui wa wadudu mwanzoni mwa msimu, waharibifu wakiwa bado hawajaongezeka. Anayepuliza mapema hivyo hujiweka kwenye hatari ya kulipa mara mbili: sumu ya kwanza, kisha nyingine wafyonzaji wa mpunga watakapokuta jaruba halina buibui.