Kompyuta ilihesabu kila bloki ya nyumba ya mathe, lakini haikuchimba shimo

Kama uko chini ya miaka 30 na una laptop, jiandae. Kuna siku mtu wa familia atakuambia: "Wewe si unajua mambo ya kompyuta? Hebu nichoree nyumba, uniambie itakula pesa ngapi."

Mimi niliambiwa na mathe. Alikuwa amelipia ploti Kitengela pole pole kupitia chama, miaka minne nzima, na mkopo wa Sacco ulikuwa umekubaliwa. Mimi nilikuwa nimeacha diploma ya ujenzi mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Kuchora nilijua. Nikadhani hiyo inatosha.

Wacha nikuambie nilichojifunza, ndio usije ukapoteza pesa ya mtu unayempenda.

Kwanza, elewa hizi programu hufanya nini. Ukichora kwa AutoCAD ile ya kawaida, unachora mistari. Mstari haujui kama wenyewe ni ukuta ama ni waya wa stima. Lakini programu kama Revit na ArchiCAD hazichori mistari tu. Ukiweka ukuta, inajua ni ukuta, ina urefu, kimo na unene wake. Ukitoboa dirisha, inaondoa lile eneo yenyewe. Ukimaliza, unaiambia ikupe orodha: mita ngapi za ukuta, milango mingapi, zege kiasi gani. Kazi ya wiki nzima na rula inakuwa ya dakika chache.

Na hapo si mchezo, inasaidia kweli. Chukua nyumba ya mathe: mita 10 kwa 8, yaani mita mraba 80. Mtu wa kawaida akienda kununua mabati atafikiria mita mraba 80. Hapana! Paa hutokeza nje ya ukuta, tuseme sentimita 60 kila upande. Sasa umefika mita mraba 103. Halafu paa limeinama. Likiwa na mteremko wa digrii 30, eneo halisi la mabati ni kama mita mraba 119. Hiyo tofauti ya 39 ndiyo huwafanya watu wapige simu usiku wakitafuta fuliza. Programu inaiona mara moja.

Ama kuta. Kuzunguka nyumba hiyo ni mita 36. Ukuta ukiwa wa mita 2.7, toa milango na madirisha, unabaki na kama mita mraba 82. Bloki ya saruji ya milimita 390 kwa 190, ukiongeza saruji ya katikati, huingia 12.5 kwa kila mita mraba. Hiyo ni bloki 1,025 za kuta za nje, kabla hujahesabu zitakazovunjika njiani. Mathe akasema anataka dari iwe juu kidogo, mita 3. Nikabadilisha nambari moja. Bloki 135 zaidi. Akaangalia skrini, akasema, "Basi hiyo 2.7 iko sawa." Hiyo ndiyo raha ya hii kitu: unabadilisha mawazo kwa skrini, si kwa mjengo.

Lakini sikiza sasa. Programu haikupi pesa, inakupa vipimo. Itakuambia sakafu yako ni mita za ujazo 8 za zege, kama ni sentimita 10 kwenda chini. Haijui mfuko wa simiti ni nini. Lazima wewe ujue kwamba mchanganyiko wa 1:2:4 hula kama mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hivyo mifuko 51. Sasa fundi akimwaga sentimita 15 badala ya 10, kwa sababu hakuna mtu alisimama hapo na futi, unaruka hadi mifuko 76. Mifuko 25 imeingia chini ya miguu yako na mchoro bado unasema 51.

Kuna pia vitu ambavyo hukuchora. Programu huhesabu kilichochorwa tu, na mimi nilichora nyumba. Sikuchora mbao za kushikilia zege. Sikuchora maji ya bowser, usafiri wa kokoto, stoo ya mabati ya kuweka simiti, pesa ya kupitisha ramani kaunti, shimo la choo, wala mshahara wa fundi na wasaidizi wake. Vyote hivyo hulipwa na pesa ileile ya Sacco.

Na nambari yangu ilikuwa imependeza sana. Ilikuwa na senti mwishoni. Nilimpa mathe karatasi iliyochapishwa kwa rangi, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia. Hapo ndipo nilikosea. Nambari ikitoka kwa mashine watu huiamini kuliko ikitoka kwa mdomo. Mimi mwenyewe niliiamini.

Siku ya kwanza ya kuchimba, fundi alinipigia simu.

"Kijana, kuja uone hii kitu."

Nilipofika, alikuwa amesimama kwenye kona moja ya nyumba, shimo likiwa limempita kiuno. Udongo mweusi tititi. Kama umetembea Kitengela wakati wa mvua unaujua, ule unaobeba kiatu chako ukabaki na soksi. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa. Ukijenga sakafu juu yake, nayo itavimba na kupasuka. Lazima utolewe wote hadi ufikie kitu kigumu, kisha ujaze mawe na kushindilia.

Kwa mchoro wangu, ardhi ilikuwa tambarare na safi kama meza. Nilikuwa nimeweka mawe ya kujaza ya sentimita 20: mita za ujazo 16, malori manne hivi ya tani saba. Fundi alisema tunahitaji mita nzima. Hiyo ni mita za ujazo 80. Malori kama 18. Na bado hujalipa wa kutoa udongo na wa kuupeleka mbali.

Nikaanza kumweleza vile programu ilikuwa imehesabu. Mzee wa watu akanisikiza hadi mwisho, akapangusa mikono, akaniuliza: "Na hiyo kompyuta yako, ilichimba?"

Sikuwa na jibu.

Jioni nikamwambia mathe. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alitoa ile karatasi kwa Biblia, akaiangalia, akauliza tu, "Sasa paa itatoka wapi?"

Usiku huo nilirudi kwa ile laptop, lakini safari hii na maswali. Nyumba ikipunguzwa hadi mita 8 kwa 8, mawe ya kujaza yanashuka hadi mita za ujazo 64, malori kama 15. Kuta za nje zinapungua mita 4 kuzunguka. Paa lenye kona nyingi nikaligeuza la pande mbili tu, vipande vya mabati vya kukatwa na kutupwa vikapungua. Ifikapo saa nane usiku nilikuwa na nyumba tatu tofauti na hesabu zake. Asubuhi mathe akachagua. Tulikuwa na bahati kwamba ni kona moja tu ilikuwa imechimbwa.

Kwa hivyo kama utaulizwa kwenu, fanya hivi. Kabla ya kuchora chochote, lipa vijana wawili wachimbe shimo la mita moja na nusu kwenye ploti, pembe mbili tofauti. Hiyo ni pesa ya siku moja. Chora kulingana na ulichokiona. Vipimo vikitoka, chagua vitatu, kama ukuta mmoja, sakafu na paa, uvihesabu kwa mkono. Visipolingana, kuna kitu umechora mara mbili ama umesahau. Bei tafuta kwa hadiwea tatu za karibu na ploti, uandike na tarehe, kwa sababu bei ya simiti ya Januari haitakungoja hadi Juni. Ongeza asilimia 10 ya mambo usiyoyajua, na usiiguse kwa ajili ya vigae.

Na tafadhali, mpelekee QS aikague. Mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyesajiliwa na BORAQS, bodi inayosajili pia wasanifu majengo. Ukimpelekea vipimo vilivyopangwa vizuri, unampunguzia kazi, na unaweza kuelewana naye bei. Nilidhani hatuwezi kumudu QS. Ukweli ni kwamba hatungeweza kumudu mimi.

Mwisho, ukimpa mzazi wako nambari, mpe na orodha ya vitu ambavyo haijahesabu. Iandike juu kabisa, kabla ya jumla.

Nyumba iko sasa. Ina paa. Ina vyumba viwili badala ya vitatu, na kile kilichotolewa kilikuwa changu. Nikienda Kitengela nalala kwa kochi, na mathe huniuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri.