Mteja Aliye Ndani ya Swali

Watahiniwa wengi wa CFP, cheti cha washauri wa mipango ya fedha nchini Marekani, husoma kwa mtindo waliouzoea tangu sekondari: kitabu cha bima mwezi huu, cha kodi mwezi ujao, cha mirathi baadaye, huku wakipigia mstari kila aya. Wanaingia chumba cha mtihani wamehifadhi masharti ya kila akaunti ya pensheni. Kisha wanakutana na mjane wa miaka 58 mwenye watoto wawili, nyumba yenye deni na hundi ya bima ambayo bado hajaipeleka benki. Swali haliulizi bima ni nini. Linauliza mama huyu aambiwe nini leo.

Mimi huwafundisha watahiniwa hawa, na nikiulizwa kinachowaangusha, jibu langu ni hilo. Somo wanalijua, ila hawajazoea kulitumia kwa mtu mmoja mwenye shida zake zote kwa pamoja.

Historia ya cheti chenyewe inaeleza kwa nini mtihani uko hivyo. Desemba 1969 watu 13 walikutana hotelini Chicago. Wakati huo familia ya kawaida ilishauriwa na muuza bima upande mmoja na dalali wa hisa upande mwingine, kila mmoja akivutia kwake, na watu hao walitaka taaluma moja itakayotazama hali yote ya mteja. Chuo kikaanzishwa Denver, na mwaka 1973 wahitimu 42 wa kwanza wakapata cheti. Leo kinasimamiwa na CFP Board, ambayo tangu Oktoba 2019 kanuni zake zinamtaka mwenye cheti aweke maslahi ya mteja mbele kila anapotoa ushauri wa fedha.

Mtihani una maswali 170 ya kuchagua jibu, hufanywa kwa siku moja katika vipindi viwili vya saa tatu tatu, na hutolewa Machi, Julai na Novemba. Akiba na kipato cha uzeeni huchukua asilimia 18, uwekezaji 17, misingi ya upangaji 15, kodi 14, bima 11, mirathi 10, maadili na sheria 8, na saikolojia ya mteja, iliyoongezwa mwaka 2022, asilimia 7. Tumia uzito huo kugawa muda wako wa kusoma, lakini usitarajie kila swali likae ndani ya mpaka wake. Swali la mirathi mara nyingi lina kodi ndani yake.

Tuchukue hesabu moja tuone inavyofanya kazi. Mteja ana miaka 40 na anataka kustaafu akiwa na 65. Anahitaji dola 60,000 kwa mwaka, kwa thamani ya leo, kwa miaka 25 ya kustaafu. Bei zinapanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, na uwekezaji wake unaleta asilimia 7. Awe na kiasi gani siku ya kustaafu?

Kwanza peleka mahitaji mbele: dola 60,000 za leo, zikipandishwa kwa asilimia 3 kwa miaka 25, zinakuwa kama dola 125,627. Pili, kwa kuwa matumizi yataendelea kupanda hata baada ya kustaafu, asilimia 7 haitumiki peke yake. Unagawanya 1.07 kwa 1.03, na faida halisi inabaki asilimia 3.88 hivi. Tatu, unatafuta fungu litakalolipa kiasi hicho kwa miaka 25. Hapo ndipo kalkuleta inapokuuliza kitu kidogo ambacho wengi hukipita: malipo yanatoka mwanzoni mwa mwaka au mwishoni? Ukiiacha kwenye mwisho wa mwaka, unapata takriban dola 1,986,900. Ukiiweka mwanzoni, unapata takriban dola 2,064,100. Tofauti inazidi dola 77,000, na mara nyingi majibu yote mawili yapo kwenye orodha ya kuchagua, yamekaa jirani.

Lililo sahihi ni la pili. Mstaafu anakula Januari, hawezi kusubiri Desemba. Kodi ya nyumba hulipwa kabla ya kukaa, na dawa hulipiwa dukani kabla ya kumezwa. Mtahiniwa anayemuona mtu huyo hasahau kubadilisha kalkuleta, lakini anayeona namba tupu husahau hata akikumbushwa kila wiki. Ndiyo maana nawataka wanafunzi wangu waandike sentensi moja kumhusu mteja kabla ya kugusa kitufe chochote. Na kalkuleta unayoifanyia mazoezi iwe hiyo hiyo utakayoingia nayo, kwani siku ya mtihani si siku ya kutafuta vitufe.

Aina nyingine inayowasumbua watu ni maswali yanayouliza mshauri afanye nini kwanza. Mrudie yule mjane. Majibu manne yanaweza kuwa: alipe deni la nyumba, anunue hati fungani, aandike wasia mpya, au mshauri akusanye kwanza taarifa za matumizi yake na kuzungumza naye juu ya anachokitaka. Yote manne ni mambo ya busara kwa wakati wake. Lakini mwongozo wa CFP Board una hatua saba zenye mfuatano: kuielewa hali ya mteja, kuchagua malengo, kuchambua njia aliyopo na njia mbadala, kuandaa mapendekezo, kuyawasilisha, kuyatekeleza, kisha kufuatilia. Anayependekeza hati fungani wakati bado yuko hatua ya kwanza amekosea, hata kama hati fungani zingekuja kumfaa. Hatua hizi zishike barabara kuliko jedwali lolote la kodi, kwa sababu ndizo zinazokuonyesha umesimama wapi ndani ya swali.

Kuna kesi ninayoipenda kufundishia, ya Kennedy, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2009. Mfanyakazi wa kampuni ya DuPont alimwandika mkewe kuwa mnufaika wa akaunti yake ya akiba mwaka 1974. Walitalikiana mwaka 1994, na katika hati ya talaka mke aliachia haki zake kwenye mafao hayo. Mume hakubadilisha fomu ya akaunti. Alipofariki mwaka 2001, zaidi ya dola 400,000 zililipwa kwa mtalaka wake, na mahakama ikasema msimamizi wa mpango alifanya sawa kufuata fomu iliyokuwapo. Talaka, pensheni na mirathi vimekutana kwenye karatasi moja ambayo haikuguswa kwa miaka saba baada ya talaka. Mwanafunzi aliyejifunza vitu hivi kwa vitabu vitatu tofauti huenda asiuone mtego. Na wateja wa namna hii wapo kweli, ndiyo sababu nalichukulia swali la aina hii kwa uzito unaozidi alama zake.

Wasomaji wetu walioko Marekani wana lao la kuangalia zaidi. Mwenzi asiye raia hapati ule msamaha usio na kikomo wa kodi ya urithi anaoupata mwenzi raia, na mkazi wa Marekani kwa mambo ya kodi mwenye zaidi ya dola 10,000 kwa jumla katika akaunti za nje wakati wowote wa mwaka hutakiwa kuzitolea taarifa. Kwa familia yenye akaunti Mombasa au Dar es Salaam, hayo ni maisha ya kila siku. Na wewe uliye nyumbani unayetaka cheti hiki, usikimbilie kununua vitabu vya Marekani. Nje ya nchi hiyo cheti husimamiwa na shirika la kimataifa liitwalo FPSB kupitia taasisi za nchi husika, na mtihani hufuata kodi na sheria za huko.

Kuhusu ratiba, mimi hushauri saa 250 hivi zisambazwe kwa miezi minne au mitano, nusu yake iwe ya maswali. Kila swali ulilokosa, eleza kwa sauti kwa nini majibu mengine matatu hayafai. Siku ya mtihani una zaidi kidogo ya dakika mbili kwa kila swali, kwa hiyo fanya angalau majaribio mawili kamili ya saa sita ili mwili nao uzoee.

Na usisubiri kufaulu ndipo uanze kukaa na wateja. CFP Board inataka saa 6,000 za uzoefu wa kazi, au 4,000 chini ya usimamizi wa karibu, na saa ulizofanya kabla ya mtihani zinahesabiwa. Omba nafasi ya kuandika kumbukumbu katika vikao vya mshauri mwenye cheti, usikilize maswali anayoanza nayo, na utaona jinsi anavyochelewa kutaja bidhaa yoyote.