Mabao matatu bila kupiga shuti

CHUKULIA vijana wa Kate, wilayani Nkasi, wanawasubiri wenzao wa Chala kwenye kombe la mbuzi. Mvua imenyesha, lori la wageni limenasa kwenye tope. Refa ana filimbi mkononi, saa zinakwenda. Nani anaondoka na mbuzi?

Wenyeji watadai ushindi wa mezani: pointi tatu na mabao matatu. Wageni watasema hawakukimbia mechi, barabara ndiyo iliyowakwamisha. Na hapo ndipo soka linapochezwa na kamati. Kutotokea uwanjani ni jambo moja, kupoteza haki yako kwa kutotokea ni jambo jingine, na katikati lazima awepo mtu wa kusema kosa ni la nani.

Nchi nzima ililiona hilo Machi 8, 2025. Simba iligomea Dabi ya Kariakoo, ikidai mabaunsa waliizuia kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakati kanuni inampa mgeni haki hiyo. Yanga ikafika uwanjani siku ya mechi kama kawaida. Kwa hesabu za kijiweni, mchezo umeisha, Wananchi wanachukua tatu zao. Lakini Bodi ya Ligi ilikuwa imeshatangaza kuahirisha. Mechi iliyoahirishwa haina aliyetoroka!

Yanga ikachachamaa kwamba haichezi tena, ikaenda hadi CAS, ikarudishwa kwa maelezo kuwa haijamaliza ngazi za ndani. Tarehe mpya ikawa Juni 15, ikasogezwa tena. Mwishowe ngoma ikapigwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 kwa mabao ya Pacome Zouzoua na Clement Mzize na kubeba ubingwa kwa pointi 82 dhidi ya 78. Pointi zilezile walizozitaka mezani wakazitolea jasho.

Kupokwa ndiko kunakouma zaidi, maana hapo ulishashinda. Kagera Sugar wanajua. Aprili 2017 waliifunga Simba 2-1 pale Kaitaba, Simba ikakata rufaa kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya Saa 72 ikawapoka Kagera, Mnyama akapewa pointi tatu na mabao matatu. Kamati nyingine ya TFF ikaja kuzirudisha Kagera. Msimu huo Yanga na Simba zilimaliza zote na pointi 68, Yanga ikawa bingwa kwa tofauti ya mabao. Piga hesabu mwenyewe zile tatu zingefanya nini.

Rukwa wana kumbukumbu tamu zaidi. Oktoba 22, 2020, Tanzania Prisons waliichapa Simba 1-0 Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, bao la Samson Mbangula. Siku hiyo kamati haikuwa na kazi.