Nguvu na Nishati: Kuchagua Kati ya Betri ya Kubebeka na Betri ya Nyumba Mjini Plateau

Utangulizi

Plateau ni kituo cha biashara katika kaunti ya Uasin Gishu, nje ya mji wa Eldoret, kwenye reli ya zamani itokayo Nakuru kupitia Timboroa na Ainabkoi. Eneo hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wakazi wake wengi hulima mahindi na ngano na kufuga ng'ombe wa maziwa. Umeme ukikatika mahali kama hapa, hasara haiishii kwenye giza. Maziwa ya jioni huharibika, kinyozi hufunga kazi mapema, na mwanafunzi anayeandika tasnifu hubaki akiitazama tarakilishi iliyozimika.

Kukatika huko si jambo la kubahatisha. Tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo usiku, gridi ya taifa iliporomoka na sehemu kubwa ya Kenya ikalala gizani; maeneo mengi yalikucha bila umeme. Taifa likapatwa na giza la namna hiyo tena mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na tena mnamo Septemba 2024. Haya ni mbali na makatiko ya kienyeji yanayosababishwa na mvua, radi na miti inayoangukia nyaya. Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Ndiyo maana watu wengi siku hizi wanatafuta akiba ya umeme. Makala haya yanakusudia kueleza aina mbili za akiba hiyo, na kuonyesha jinsi msomaji anavyoweza kuamua ipi inamfaa.

Ufafanuzi wa Dhana

Mkanganyiko wa kwanza anaokumbana nao mnunuzi ni wa kilugha. Katika mazungumzo ya kila siku tunasema betri hii "ina nguvu" au "ina chaji", bila kutenga mambo mawili yaliyo tofauti. Nguvu ni kasi ya kutoa umeme, nayo hupimwa kwa wati, kipimo kilichopewa jina la James Watt. Nishati ni jumla ya umeme uliohifadhiwa, nayo hupimwa kwa wati-saa. Mfano wa ghala la mahindi utatufaa. Nishati ni idadi ya magunia yaliyomo ghalani. Nguvu ni upana wa mlango unaopitishia magunia hayo. Ghala kubwa lenye mlango mwembamba halitoi magunia ishirini kwa mara moja, na mlango mpana hauna faida iwapo ghala ni tupu.

Tofauti hii ina gharama. Kifaa kilichoandikwa "1000" pekee kinaweza kuwa na mlango wa wati 1,000 huku ghala lake likiwa na wati-saa 500 tu. Wauzaji wengine hutaja miliampea-saa, kwa kuwa tarakimu zake huwa kubwa na za kuvutia. Miliampea-saa 80,000 katika seli za volti 3.7 ni sawa na ampea-saa 80 mara 3.7, yaani wati-saa 296. Kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe: kifaa hiki kina wati-saa ngapi, na kinaweza kutoa wati ngapi kwa wakati mmoja?

Betri ya Kubebeka

Betri ya kubebeka ni sanduku moja lililokusanya kila kitu: seli, kidhibiti cha chaji, na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa volti 240 tunaoutumia nyumbani. Nyingi huwa na kati ya wati-saa 300 na 2,000. Hujazwa kwa soketi ya ukutani, kwa paneli ya sola au kwa gari.

Ubora wake mkuu ni kwamba haihitaji fundi. Mpangaji wa chumba kimoja, ambaye hana ruhusa ya kugusa nyaya za mwenye nyumba, anaweza kuitumia na kuhama nayo. Mwenye kibanda sokoni huipeleka kazini asubuhi na kuirudisha nyumbani jioni. Udhaifu wake ni kwamba ikiharibika sehemu moja, mara nyingi sanduku zima hukwama, na aghalabu haiwezi kupanuliwa. Isitoshe, bei ya kila wati-saa moja kwa kawaida huwa juu kuliko katika betri ya nyumba, kwani mnunuzi analipia pia wepesi wa kuibeba.

Betri ya Nyumba

Betri ya nyumba hufungwa ukutani au kuwekwa sakafuni, na huunganishwa na inveta iliyo kando yake na hatimaye na nyaya za nyumba. Ukubwa unaopatikana sana ni wa volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 5,120. Umeme ukikatika, mfumo huu hushika kazi wenyewe, pengine hata kabla ya wenyeji kutambua. Unaweza kupanuliwa kwa kuongeza betri ya pili au paneli za sola.

Hata hivyo, mfumo huu hudai fundi aliyehitimu. Nchini Kenya kazi ya nyaya za umeme na ya mitambo ya sola hufanywa na mafundi wenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Sharti hili lina sababu ya uhai na kifo. Pasipo swichi ya kutenga nyumba na laini ya nje, umeme wa betri unaweza kurudi kwenye nyaya za barabarani na kumuua fundi aliyepanda nguzo akidhani laini imezimwa. Kwa sababu hiyohiyo, mtu asithubutu kuchomeka betri ya kubebeka katika soketi ya ukutani kwa waya wenye vichwa viwili ili kuangaza nyumba nzima.

Hesabu ya Nyumba Moja

Tuchukue nyumba ya kawaida na usiku mmoja wa saa 12 bila umeme. Taa tano za wati 9 zikiwaka saa tano zitatumia wati-saa 225. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 12 ni 120. Tarakilishi moja ya mkononi ni kama 60, na simu tatu ni kama 45. Jumla ni wati-saa 690. Betri ya kubebeka ya wati-saa 1,000 hutoa takriban 850 baada ya kupoteza kiasi katika inveta. Basi inatosha, na akiba ndogo inabaki.

Sasa tuongeze jokofu la maziwa linalotumia wati-saa 1,000 kwa siku, yaani 500 kwa usiku huo. Jumla inafika 1,190, na betri ile inazimika kabla ya alfajiri. Zaidi ya hayo, mota ya jokofu inapoanza huvuta nguvu mara kadhaa ya ile ya kawaida kwa muda mfupi, na inveta ndogo huweza kujizima. Betri ya nyumba ya wati-saa 5,120 itumiwapo kwa asilimia 90, na kupoteza asilimia 10 katika inveta, hutoa takriban 4,150. Hizo ni usiku tatu na ushei.

Lakini hata betri hiyo haifai kwa kila kitu. Birika la umeme la wati 2,000 hutumia zaidi ya wati-saa 330 kwa dakika kumi, na shawa ya maji moto huvuta wati elfu kadhaa. Joto ni adui wa akiba. Asubuhi za baridi za Plateau, maji ya kuoga yaachiwe jiko la gesi au kuni.

Seli, Jua na Umri

Msomaji aulize pia aina ya seli. Betri za kale za risasi na asidi hazipendi kutumiwa kupita nusu ya ujazo wake, na nyingi hudumu mizunguko mia kadhaa tu. Seli za lithiamu zenye chuma na fosfeti huweza kutumiwa karibu zote na kudumu mizunguko elfu kadhaa, tena si wepesi wa kushika moto zikilinganishwa na aina nyingine za lithiamu. Bei yake ni kubwa siku ya kwanza, ila rahisi ghali.

Anayetegemea sola akumbuke majira. Mvua za Uasin Gishu hushika sana Julai na Agosti, na mawingu hupunguza mavuno ya paneli. Hesabu ya sola ifanywe kwa mwezi huo, si kwa Januari yenye jua kali.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mpangaji, mwanafunzi na mfanyabiashara wa kibanda, wanaohitaji mwanga, simu na tarakilishi, watafaidika na betri ya kubebeka. Mwenye nyumba yake, hasa mwenye jokofu la maziwa au chanjo za mifugo, afadhali ajikusuru kununua betri ya nyumba na kumlipa fundi mwenye leseni. Asiyejua mahitaji yake aandike kwanza orodha ya vifaa, wati zake na saa zake, kabla ya kufungua mkoba.

Wanafunzi wa Kiswahili nao wana jukumu katika jambo hili. Maandishi ya vifaa hivi huja kwa lugha ambazo wanunuzi wengi hawazisomi kwa uhakika, na penye ukungu wa maneno ndipo fedha hupotea. Tukizoea kutenga nguvu na nishati, wati na wati-saa, katika mazungumzo yetu na majirani, istilahi hizi hazitabaki vitabuni; zitamsaidia mkulima wa Plateau asiuziwe ghala tupu lenye mlango mpana.